Kunuia kwa Kiajemi: hotuba kwa wanafunzi wa lugha kuhusu dhamira tegemezi

Ndugu mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wanafunzi wa lugha, na ninyi nyote mliofika jioni hii,

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja la sarufi ya Kiajemi, lugha ambayo baadhi yenu mnaiita Kifarsi, nami nimechagua lile ambalo kwa maoni yangu ndilo mlango wa mazungumzo yote ya kila siku: namna msemaji wa lugha hiyo anavyoitamka nia yake. Mtu anayetaka kusema kwamba anakusudia kwenda sokoni, au amepanga kusoma, au anatumaini kumwona rafiki yake kesho, hatamaliza sentensi yake ya kwanza kabla hajalihitaji umbo la kitenzi ambalo wanasarufi wa Iran huliita mozaare'-e eltezaami, na ambalo katika sarufi yetu hujulikana kwa jina la dhamira tegemezi, yaani umbo kama niende au asome. Ninayotaka kuyasema yote yanazunguka hoja moja, nayo ni kwamba mwanafunzi aliyekua na Kiswahili analo umbo hili tayari kinywani mwake na analitumia kutwa kucha, kwa hiyo ni haki yake aonyeshwe hivyo tangu somo la kwanza, badala ya kupitishwa kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza, ambao kwao jambo hili ni zito kweli.

Kabla sijaingia ndani, niseme neno juu ya maandishi. Kiajemi cha Iran huandikwa kwa herufi za Kiarabu zilizoongezewa nne, lakini leo nitatumia herufi zetu ili sote twende pamoja. Nikiandika aa, isomwe a ndefu na nzito. Kh ni ile ya neno kheri kama linavyotamkwa na watu wa pwani.

Tuanze na maneno mawili: mikhaaham beravam. Maana yake ni "nataka niende". Neno la kwanza linatokana na kitenzi khaastan, yaani kutaka, na kiambishi mi- kilicho mwanzoni mwake kinaonyesha kwamba hili ni jambo linalotendeka au la kawaida, jambo ambalo msemaji analitoa kama habari ya kweli. Neno la pili ndilo letu la leo. Tulikate vipande vyake: be-, kisha rav, kisha -am. Rav ni shina la wakati uliopo la kitenzi raftan, kwenda. -Am ni mimi. Na be- ndiyo alama inayosema kwamba kwenda huku bado hakujawa habari, ni jambo lililomo katika kutaka, kuamuru, kuomba au kuhofia. Sasa tuliweke neno letu pembeni yake: ni-end-e. Ni- ni mimi, end ni mzizi, na -e ya mwisho ndiyo inayofanya kazi ile ile ya be-. Kiajemi kinatanguliza alama ya dhamira na kumaliza kwa nafsi; Kiswahili kinatanguliza nafsi na kumaliza kwa alama ya dhamira. Ni kama mtu na sura yake kwenye kioo: viungo ni vile vile, upande umegeuka.

Ukikishika kipande hicho, nafsi zilizobaki zinafuata bila ugomvi. Beravi ni uende, beravad ni aende, beravim ni twende, beravid ni mwende, beravand ni waende. Na kama tunavyosema "twende!" tukiwa tumesimama mlangoni, bila kutanguliza "nataka" wala "tafadhali", Mwajemi naye husema beravim, au katika mazungumzo ya haraka berim, na akimwita mwenzake husema biyaa beravim, ambayo ni "njoo twende" neno kwa neno.

Hapa napenda tutulie kidogo juu ya vitenzi ambavyo havibebi alama, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi wanapokata tamaa, ilhali sisi hatuna sababu ya kukata. Kiajemi kina vitenzi vingi sana vya maneno mawili, jina likifuatwa na kitenzi chepesi kama kardan, kufanya. Kaar kardan ni kufanya kazi. Katika vitenzi vya aina hii be- mara nyingi huachwa, hivyo "nataka nifanye kazi" huwa mikhaaham kaar konam, na wala si lazima useme bekonam. Vivyo hivyo, kitenzi kilichotanguliwa na kiambishi kama bar- hakipokei be-: "nataka nirudi" ni mikhaaham bargardam. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba dhamira tegemezi ni be- huuliza kwa haki kabisa: sasa nitaitambuaje? Mjibu kwa Kiswahili. Tunavyo vitenzi vilivyotoka Kiarabuni, kama kusafiri, kujibu, kufikiri na kusamehe, ambavyo irabu yake ya mwisho haigeuki kuwa -e. Tunasema "nataka nisafiri", na hakuna anayebabaika, kwa sababu tunaitambua dhamira kwa kile kilichokosekana: ninasafiri lina -na-, nisafiri halina kitu. Ndivyo ilivyo kwa Mwajemi. Kaar mikonam, "ninafanya kazi", lina mi-. Kaar konam halina. Ukosefu wa mi- unatosha kuwa alama, kama ukosefu wa -na- unavyotutosha sisi.

Sasa nifike mahali ambapo Kiswahili kinaweza kumpotosha mwanafunzi, maana si haki nisifie kufanana nikafiche kutofanana. Katika Kiswahili, mwenye kutaka na mwenye kutenda wakiwa mtu mmoja, tuna njia mbili: "nataka kwenda" na "nataka niende". Wako walimu wanaoikataza ya pili darasani. Mimi naisikia kila siku vinywani mwa watu wanaokijua Kiswahili vizuri, naikubali, na kwa somo hili naishukuru. Watenda wakiwa wawili, njia inabaki moja: "nataka aende". Kiajemi cha leo hakitenganishi hali hizo mbili. Mikhaaham beravam, nataka niende. Mikhaaham beravad, nataka aende. Mikhaaham biyaayi, nataka uje. Kitenzi cha pili kinasimama na nafsi yake daima. Kosa la kwanza analolifanya msemaji wa Kiswahili, kwa hiyo, ni kuichukua njia ya "nataka kwenda" na kusema mikhaaham raftan. Raftan ni "kwenda" kweli, lakini katika mazungumzo ya Tehran au Shiraz hakuna anayeunga hivyo. Dawa ni nyepesi: kila mara unapotaka kusema nia kwa Kiajemi, jitungie kwanza sentensi ya Kiswahili yenye -e, hata pale ambapo ungependelea ku-, kisha uivushe.

Hii haina maana kwamba raftan haina kazi. Katika lugha zote mbili umbo hili ni jina vilevile, nalo huungwa na jina jingine. "Nina nia ya kwenda" kwa Kiajemi ni qasd-e raftan daaram, ambapo -e ile ndogo katikati ni kiunganishi cha majina, kinachofanya kazi ya -a yetu ya uhusiano. Na mtu akitaka kulifungua jina hilo liwe kitenzi, husema qasd daaram beravam, "nina nia niende". Qasd ndiyo kusudi letu, na niyyat yao ndiyo nia yetu. Sote tumeyachota Kiarabuni, kwa hiyo mwanafunzi hana haja ya kuyakariri upya. Anayefunga Ramadhani ataielewa bila tafsiri sentensi kama niyyat kardeam ruze begiram, nimenuia nifunge, akishajua tu kwamba ruze ni saumu.

Vitenzi na misemo ya kunuia vinastahili kusikilizwa kwa makini, kwa sababu kila kimoja kina uzito wake, na mgeni anayetumia mikhaaham peke yake mahali pote huonekana kama mtoto anayedai. Tuchukue safari ya Shiraz. Mtu akisema fardaa be Shiraz miravam, "kesho nakwenda Shiraz", ametumia kitenzi cha habari, na tiketi huenda iko mfukoni. Hakuna dhamira tegemezi hapo, kwa kuwa kwake jambo limekwisha. Akisema mikhaaham beravam, ametaja matakwa yake, na mlango bado uko wazi. Qasd daaram beravam ni zito zaidi na rasmi zaidi, ni lugha ya barua na ya mtu aliyepima mambo. Dar nazar daaram beravam ni ya mwenye mpango, jambo liko mbele ya macho yake. Tasmim gerefteam beravam ni "nimeamua niende", hapo shaka imekwisha ingawa safari haijaanza. Omidvaaram beravam inashuka chini kabisa, ni tumaini tu. Na ninyi mtagundua kwamba katika safu yote hiyo, kuanzia tumaini hadi uamuzi, beravam haikubadilika hata herufi moja. Uzito wa nia unabebwa na kitenzi cha kwanza. Cha pili kazi yake ni kusema tu kwamba tendo lenyewe bado halijatokea.

Hilo linatupeleka kwenye jambo ambalo mimi binafsi naliona ndilo zuri kuliko yote katika somo hili, nalo ni kwamba dhamira tegemezi haina wakati wake. Mikhaastam beravam: "nilitaka niende". Tazameni kwamba kutaka kumerudi nyuma, kumekuwa jambo lililopita, lakini beravam imebaki pale pale ilipokuwa. Kiswahili kinafanya hivyo hivyo: hatusemi "nilitaka nilikwenda", tunasema "nilitaka niende", na niende hiyo haina -li- wala -na- wala -ta-. Tendo linaazima wakati kutoka kwa nia iliyolitangulia. Ndiyo maana sentensi mikhaastam beravam, vali nashod, "nilitaka niende, lakini haikuwezekana", inakuja bila mvutano wowote: nia ilikuwapo kweli, ina wakati wake, tendo halikupata kuwapo, na sarufi haikulipa wakati.

Tulione hilo kwa karibu zaidi kwa sentensi mbili fupi. Raft ke naan bekharad. Raft naan kharid. Ya kwanza ni "alikwenda anunue mkate", na ya pili ni "alikwenda akanunua mkate". Katika ya kwanza tunajua alitoka na tunajua alitoka kwa ajili gani. Kama duka lilikuwa wazi au limefungwa, sentensi haisemi. Katika ya pili mkate umeshanunuliwa. Kiswahili kinatenganisha hali hizo kwa -e na -ka-, Kiajemi kwa bekharad na kharid, na msikilizaji wa lugha zote mbili anajua papo hapo kama autarajie mkate mezani. Neno ke lililo katikati linaweza kuondolewa, au likawekwa neno lao jingine, taa, badala yake, kama sisi tunavyoweza kuweka au kuacha "ili". Aamadeam bebinametaan: nimekuja niwaone. Mtoto wa Tanga au wa Bukoba angeitunga sentensi hiyo bila kufundishwa na mtu.

Jozi nyingine ninayopenda kuwapa wanafunzi ni goft miravad na goft beravad. Silabi moja tu imebadilika. Goft miravad ni "alisema anakwenda", ameleta habari. Goft beravad ni "alisema aende", ametoa amri au ruhusa. Kiswahili kinazitenganisha sentensi hizi kwa namna ile ile, na kwa ufupi ule ule, ilhali Kiingereza kinahitaji maneno mengine kabisa. Na kama tunavyomtuma mtu kwa "mwambie aje", Mwajemi husema begu biyaayad. Tunapouliza "nije?" au "niende?" kwa neno moja, tukimwachia mwenzetu aamue juu ya nia yetu, Mwajemi naye huuliza biyaayam? au beravam? Tunapokwama tunasema "nifanye nini?", naye husema che kaar konam? Tunaposema "hebu nione" au "acha nione", naye husema bezaar bebinam.

Kuna mahali ambapo kufanana huku kunanishangaza hata baada ya kukuzoea. Mawingu yakitanda, sisi husema "mvua inataka kunyesha", kana kwamba mvua ina matakwa. Mwajemi katika mazungumzo husema mikhaad baarun biyaad, na kitenzi ni kile kile cha kutaka kikifuatwa na dhamira tegemezi, kwa maana ya jambo lililo karibu kutokea. Aliyejikwaa akasalimika husema kwetu "karibu nianguke" au "nusura nianguke". Kwao ni nazdik bud biyoftam, na nazdik ni karibu. Lugha zote mbili zinaliweka tukio lililokosekana kwa unyweleo katika umbo lile lile la jambo linalonuiwa, na nadhani sababu inaeleweka: yote mawili ni matendo ambayo hayakuwa matendo.

Mtu asije akasema kwamba hili ni deni la kihistoria. Ni kweli kwamba Kiswahili kimepokea kutoka Kiajemi maneno kama bandari, pamba, darubini na serikali, na watu wa pwani wanajua kuhusu Shirazi na Nairuzi. Lakini majina hupanda jahazi kirahisi kuliko sarufi. Irabu -e ya niende ni ya kibantu kabisa, mtaikuta katika ngihambe ya Kizulu na ngende ya Kiganda, mbali na bandari yoyote ya Waajemi. Na be- nayo imekulia nyumbani kwake: katika Kiajemi cha fasihi cha tangu karne ya 10 inaonekana hata kwenye vitenzi vya wakati uliopita, na washairi waliweza kusema ravam bila be- wakimaanisha "niende", ni baadaye tu ilipojikita kuwa alama ya dhamira hii. Lugha nyingine nazo zimeifuata njia kama hiyo kwa sababu zake zenyewe. Mgiriki wa leo husema thelo na pao, nataka niende, hana tena umbo la "kwenda" la kuliweka pale. Na aliyesoma nahau ya Kiarabu madrasani anakumbuka uriidu an adhhaba, jinsi herufi an inavyokinasibu kitenzi kilichofuata, yaani inavyokifanya kiishie kwa -a. Mwanafunzi huyo ana bahati mara mbili, kwa sababu hata jina mozaare' analotumia mwanasarufi wa Iran ni lile lile mudhaari' alilolikariri yeye.

Kukanusha kunataka uangalifu. "Sitaki kwenda" ni nemikhaaham beravam. "Nataka nisiende" ni mikhaaham naravam. Katika ya kwanza kinachokataliwa ni kutaka. Katika ya pili nia ipo, imara, na ni nia ya kutotenda. Sisi tunatia -si- na -e yetu inabaki: nisiende. Kwao na- inakuja na be- inaondoka, haziketi pamoja, hivyo usiseme nabe-. Linganisheni naravam, "nisiende", na nemiravam, "siendi", mtaona tena kwamba tofauti yote iko kwenye mi-. Umbo hili la kukanusha ndilo linaloibeba adabu ya kila siku ya Waajemi. Mtu aliyekupa kitu au kukusaidia huambiwa dastetaan dard nakonad, mkono wako usiume. Unayempita akiwa kazini, awe fundi, dereva au mwalimu anayetoka darasani, humwambia khaste nabaashid, yaani msiwe wenye kuchoka, mahali ambapo sisi tungesema "pole na kazi". Hizi si sentensi za nia kwa maana kamili, ni dua, lakini dua ni nia tunayomtakia mwingine, na ndiyo maana zimevaa umbo moja.

Vitenzi viwili tu vina tabia ya pekee, na vyote vinahitajika mno. Kuwa ni baasham, baashi, baashad, bila be-: mikhaaham mo'allem baasham, nataka niwe mwalimu. Kitenzi cha kumiliki, daashtan, hakisemi bedaaram katika maana hii, bali huenda kuazima msaada kwa kuwa: mikhaaham khaane-i daashte baasham, nataka niwe na nyumba. Msemaji wa Kiingereza hulalamika hapa. Sisi ambao "nina" yetu ikifika kwenye dhamira tegemezi inageuka kuwa "niwe na" tunaiona kuwa ni ya kawaida.

Kuhusu wajibu, niseme kwa kifupi: baayad beravam ni "lazima niende", na baayad haibadiliki kwa nafsi yoyote, kama lazima na sharti visivyobadilika. Behtar ast beravim ni "afadhali twende".

Sasa niyataje mahali ambapo daraja letu linakatika, maana mwalimu mwaminifu huyataja mapema. Baada ya agar, "kama" au "ikiwa", Kiajemi hutumia dhamira tegemezi kwa jambo linalowezekana mbele, agar biyaayad, ambapo sisi tuna -ki-: akija. Baada ya "kabla", sisi husema "kabla sijaenda", umbo la kukanusha lisilo na mfano kwao; wao husema qabl az in ke beravam, bila ukanusho wowote. Mtu anapotilia shaka, husema fekr nemikonam biyaayad, ambapo Kiswahili kingesema "sidhani kama atakuja": fikra ikiwa ya kukubali, kitenzi ni cha habari, fekr mikonam miyaayad, ikikanushwa tu, kinaingia katika dhamira tegemezi. Na shaayad, labda, huivuta dhamira hiyo karibu kila mara, ilhali sisi tuna "huenda nikaenda". Haya manne yakaririwe kama yalivyo, kwa sababu hapa Kiswahili hakitamsaidia mwanafunzi.

Liko pia suala la wakati ujao, ambalo huchanganywa na nia na wanafunzi wa mwaka wa kwanza karibu wote. Kiajemi rasmi, cha magazeti na taarifa za habari, husema khaaham raft, "nitakwenda". Kitenzi cha kutaka kiko pale pale, lakini kimepoteza mi- yake, na kinachofuata ni shina fupi la wakati uliopita, raft, wala si beravam. Kwa hiyo mikhaaham beravam inataja matakwa, na khaaham raft inatabiri au inaahidi. Hapa tena tunayo kumbukumbu yetu wenyewe: -ta- ya nitakwenda ilitokana na taka, na bado inaonekana nzima katika maneno kama atakayekuja na yatakayotokea. Lugha zote mbili ziliutengeneza wakati ujao kutoka katika kutaka, kisha zikahitaji njia mpya ya kusema kutaka kwenyewe. Katika mazungumzo ya nyumbani khaaham raft haisikiki sana, watu hutosheka na miram au mikhaam beram. Mgeni anayeitumia sebuleni huonekana kama anasoma taarifa ya habari.

Niongeze kwamba Kiajemi si cha Iran peke yake. Kidari cha Afghanistan kinafuata utaratibu huu huu wa kitenzi cha kutaka na dhamira tegemezi. Kitajiki, kinachoandikwa kwa herufi za Kisirili, kinaujua pia, lakini kimehifadhi njia nyingine nzuri ya kunuia: huchukua raftan, kikaongeza i mwishoni, na raftani hastam ikawa "mimi ni wa kwenda", nimekusudia kwenda. Anayekwenda Dushanbe asishangae kulisikia.

Nini basi kifanyike madarasani kwetu? Ningeshauri kwamba mwalimu asianze na jina la kisarufi wala jedwali. Aanze na maswali ya neno moja, beravam? biyaayam? bekharam? benevisam?, kwa kuwa mwanafunzi atayajibu kama anavyojibu "niende?" Kisha alete mikhaaham mbele yake, kisha qasd daaram na tasmim gerefteam, kisha sentensi ndefu ambamo kitenzi cha pili kinasubiri mwisho kabisa, kama Maryam mikhaahad fardaa baa maadarash be baazaar beravad, Maryam anataka kesho aende sokoni na mama yake. Mpangilio huo, wa kutaja nia mwanzoni na kulichelewesha tendo mpaka mwisho, unahitaji mazoezi ya sikio. Nguvu ya kukariri iwekwe mahali panapostahili, yaani kwenye mashina ya wakati uliopo, kwa sababu hayo ndiyo yasiyotabirika: didan, kuona, shina lake ni bin, goftan, kusema, ni gu, aamadan, kuja, ni aay, pokhtan, kupika, ni paz, neshastan, kuketi, ni neshin. Mwenye mashina thelathini ya namna hiyo na vitenzi vitano vya kunuia anaweza kueleza mipango yake ya wiki nzima kwa Mwajemi yeyote, na akaeleweka. Nimeyaandika mashina hayo, kila moja likiwa pamoja na sentensi yake ya Kiswahili yenye -e, na nakala ziko mezani karibu na mlango.

Ndugu mwenyekiti, nikomee hapo ili wanafunzi wapate nafasi ya kuuliza.